Chakula hadithini: ni chakula au ni fumbo tu?

MwalimuMstaafu: "Tumbo Lisiloshiba" ya Said A. Mohamed nimeifundisha mpaka nikaiota. Jitu linaingia mkahawani kwa Mzee Mago, linafagia kila kilichopikwa, na kila mwanafunzi anaandika: jitu ni wanyakuzi wa ardhi. Sawa. Lakini hivi chakula hadithini hakiwezi kuwa chakula tu?

BintiKisauni: Mwalimu, kwanza waandishi wajue kupika. Juzi nimesoma hadithi, mama kaunga nyama, bizari na mchele chungu kimoja, eti "biriani". Hilo ni pilau, baba! Biriani rojo mbali, wali mbali, vikutane sahanini.

JaKisumu: Pwani mmeanza. Wali ni wali.

BintiKisauni: Astaghfirullah. Basi na samaki ngege ni dagaa omena.

JaKisumu: Omena usiiguse. Na usijifanye mwalimu wa watu kwa sababu ya mchele.

MtuWaTemeke: Nyie angalau watu wenu wanakula. Filamu zetu za Bongo familia inakaa mezani, juisi ya boksi, matunda yamepangwa kama gengeni, mtu hajatia tonge mdomoni anasema "nimeshiba" na kuondoka kwa hasira. Kila filamu lazima mmoja asuse.

MwalimuMstaafu: Ahsante! Meza ile ni fumbo, inatuambia hawa ni matajiri.

MtuWaTemeke: Fumbo wapi, mzee wangu, ni bajeti. Niliwahi kuigiza mpita njia. Kuku mmoja alirekodiwa toka asubuhi hadi magharibi, tumekatazwa kumgusa. Mpaka nainuka pale nilikuwa namjua kwa sura.

BintiKisauni: 😂 Maskini! Alikaangwa au alichomwa?

Kitale2: Mwalimu hajajibiwa. Kitabu hichohicho kina "Shibe Inatumaliza" ya Salma Omar Hamad. Sasa na Mbura wanabugia vya sherehe ya mkubwa mpaka unaona kula kunawala wao. Huwezi kutenga sahani na fumbo pale. Ukiondoa wali, hakuna hadithi.

JaKisumu: Wali? Ndiyo maana hawashibi. Wangepewa ugali hadithi ingeisha ukurasa wa kwanza.

Kitale2: Kaka, umeisoma kweli?

JaKisumu: Nimesoma muhtasari. Wewe ulipita mtihani kwa nini, riwaya nzima?

Kitale2: Hata si riwaya. Ni hadithi fupi.

BintiKisauni: Mwacheni, ana njaa. JaKisumu, lete hiyo omena yako Kisauni nikuungie kwa nazi.

JaKisumu: Nazi?! Kwenye omena?!