Next to Normal kwenye ukumbi mdogo: Gabe, tiba ya umeme na kelele za bendi

Pazia_Jekundu:

Wadau, salaam. Ukumbi wetu wa mkoani umepata kibali cha kuigiza Next to Normal, ile tamthilia ya muziki ya Tom Kitt na Brian Yorkey kuhusu mama mgonjwa wa akili, Diana, mumewe Dan, binti yao Natalie na kijana Gabe. Viti 220, jukwaa mita 9 kwa 7, dari ya jukwaa mita 5.2, na hakuna shimo la bendi. Mazoezi ni wiki 4, siku 5 za taa na sauti, halafu maonyesho 12. Waigizaji 6 na wanamuziki 6 kama kibali kinavyotaka.

Ninapokwama: Gabe achezwe vipi ili siri isivuje mapema, tiba ya mshtuko wa umeme ionyeshwe vipi bila kuwa sinema ya kutisha, na bendi iwekwe wapi ili maneno yasikike. Mbunifu wa mandhari anataka nyumba ya ghorofa tatu kama ilivyokuwa Broadway mwaka 2009.

Kama hujaiona igizo hili, uzi huu utakuharibia. Rudi baadaye.

---

Kiti_cha_Nyuma:

Ghorofa tatu sahau. Mtu mzima anahitaji angalau mita 2 za kusimama huru, ongeza unene wa sakafu, ongeza nafasi ya taa juu. Kwa mita 5.2 unapata ghorofa mbili, na hata hapo sakafu ya juu isizidi mita 2.3, la sivyo mwigizaji anaimba taa ikimchoma utosini. Kizuizi cha pembeni kiwe kama mita 1.1. Ngazi zifunikwe zulia au mpira, maana hatua kwenye mbao tupu zitaingia kwenye kila maikrofoni, hasa nyimbo za taratibu.

Sasa Gabe. Mtazamaji mgeni anatakiwa aone kijana wa kawaida anayekaribia miaka 18, mpaka keki ya siku ya kuzaliwa inapoletwa ndipo ajue kwamba mtoto alifariki akiwa mchanga na ni mama peke yake anayemwona. Kabla ya keki, makosa huwa ni madogo madogo, na karibu yote yako miguuni.

Kosa namba moja: Natalie anampisha. Anakuja na begi, Gabe yuko mlangoni, Natalie anazunguka. Umeshavuja, kwa sababu huwezi kumpisha usiyemwona. Anayepisha siku zote ni Gabe. Lakini asiruke pembeni kama paka; aondoke nusu sekunde kabla, kana kwamba alikuwa anaondoka tu.

La pili ni macho. Waigizaji wakiambiwa "usimwangalie" wanaanza kumkwepa, na kukwepa kunaonekana kuliko kutazama. Waambie macho yapite juu yake kama yanavyopita juu ya kabati.

La tatu ni vitu. Gabe akishika kikombe, akirudishe palepale kabla Dan au Natalie hajageukia upande huo. Msimamizi wa jukwaa aandike kwenye kitabu chake kila mara Gabe anapogusa kitu: amekitoa wapi, amekirudisha wapi. Tukio la kwanza pekee litajaza ukurasa.

Na la nne ni la maleba na taa. Usimvalishe nguo nyeupe, usimpe rangi yake ya taa wala moshi. Ukimfanya mzimu tangu dakika ya kwanza, keki haina kazi.

Baada ya keki sheria inalegea kwa watazamaji, ila kwa Dan inabana zaidi. Gabe atamwimbia usoni, atamgusa hata, na Dan asijibu. Karibu na mwisho Dan anamtaja kwa jina, na hapo ndipo macho yao yanakutana mara ya kwanza. Dan akiwa ameshamtazama hata mara moja kabla, kwa bahati mbaya, lile tukio linakuwa wimbo mwingine tu.

Jaribio rahisi: mwisho wa wiki ya pili, mwite mtu asiyeijua hadithi aangalie sehemu ya kwanza. Usimuulize kama amegundua. Muulize wanafamilia wako wangapi na wanapatanaje. Majibu yatakuambia.

---

Zamu_ya_Usiku:

Nazungumzia upande wa tiba, maana hapo ndipo maigizo mengi yanapotumbukia.

Tiba ya mshtuko wa umeme inafanywa mgonjwa akiwa amelala kwa dawa ya usingizi, amepewa pia dawa ya kulegeza misuli. Anawekewa kinga ya meno na oksijeni, na elektrodi (vibandiko vya kupitishia umeme) zinakaa kichwani, upande mmoja au pande zote mbili. Mkondo wenyewe ni sekunde chache. Degedege la ubongo kwa kawaida linaendelea kati ya sekunde 20 na 60, na linasomwa kwenye mashine kwa sababu mwili hautikisiki. Mara nyingi daktari hufunga kanda ya presha kwenye kifundo cha mguu kabla dawa ya misuli haijaingia, ili mguu huo mmoja ubaki nje ya dawa na uonyeshe degedege linapoanza na kuisha. Kinachoonekana chumbani ni vidole vya mguu vinavyocheza, basi.

Kwa hiyo mwigizaji asirukeruke mezani. Mwache alale kimya, mguu mmoja utikisike kidogo, wengine waendelee na kazi kama kazi. Huo utulivu unatisha kuliko kelele, na ni kweli. Zaidi ya hayo, wimbo wenyewe unafunga pamoja mama hospitalini na binti aliyelewa dawa kilabuni. Muziki umeshabeba vurugu yote.

Kozi ya kawaida ni mara 2 au 3 kwa wiki, jumla kati ya 6 na 12. Kupoteza kumbukumbu kupo, na kwa wengi ni zaidi matukio ya karibu na kipindi cha tiba. Diana anapoteza miaka mingi. Usibadilishe hadithi, kibali hakikuruhusu, lakini kwenye kijitabu cha onyesho weka sentensi mbili kueleza kwamba hali ya Diana si ya kila mgonjwa na kwamba tiba hii bado inatumika na inasaidia watu wenye sonona kali. Bila hivyo kuna mtu ataenda nyumbani kumkataza mama yake matibabu.

Taa za kumetameta: mbunifu wa taa atazitaka hapo hapo. Mwanga unaowaka na kuzimika mara 3 hadi 60 kwa sekunde unaweza kuamsha kifafa kwa wenye uwezekano huo. Kaa chini ya mara 3 kwa sekunde, usiziweke mbili zisizolingana (zikijumlishwa zinavuka), na tangaza mlangoni. Mimi ningeziacha kabisa.

Uchizi wa kuigiza nao upunguzwe. Diana ana baipola (ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka kupita kiasi) pamoja na kuona asiyekuwepo. Akipanda si kelele. Ni maneno yanayokimbizana, mawazo yanayorukia, usingizi mfupi bila uchovu na mikono isiyotulia. Akishuka, jibu linachelewa kabla halijatoka. Mwigizaji akibadilisha kasi ya kujibu tu, ameshafanya robo tatu ya kazi. Tukio la dawa nalo lina kichekesho, na kichekesho chake ni kwamba daktari anaridhika pale mgonjwa anaposema hahisi chochote. Wacheke, kisha daktari aandike kimya.

Vidonge: maganda matupu ya kapsuli, chupa zenye lebo za kubuni. Chupa halisi ya mtu isikanyage jukwaani, hata ikiwa tupu.

Kuhusu jaribio la kujiua, Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2019 kwa watu wa filamu na jukwaa. Kiini chake kwenu ni hiki: msionyeshe kitendo wala njia, msikipambe, onyesheni msaada unavyopatikana. Kata taa kabla, fungua baada, hospitalini. Damu haina kazi yoyote hapo.

---

Fundi_Kebo:

Bendi iweke nyuma kabisa chini ya ghorofa ya pili, au chumba cha pembeni ukipata. Wakiwa mbele ya jukwaa bila shimo, ngoma zitafika kwa watazamaji kabla ya maneno na huna namna ya kuzipunguza.

Ngoma ndizo zinazoamua kila kitu kwenye ukumbi wa viti 220. Weka ngao ya plastiki angavu, zulia chini, kitambaa kizito nyuma, na mpigaji atumie fito za vijiti vyembamba kwenye nyimbo za taratibu. Gita la umeme lisitumie spika jukwaani. Lipite kwenye kisanduku cha kuiga spika moja kwa moja hadi kwenye meza ya sauti. Besi na kinanda vivyo hivyo. Fidla na cello, maikrofoni ndogo za kubana kwenye chombo, maana ukiziwekea stendi zitaokota ngoma.

Mwongoza bendi ndiye anapiga piano, kwa hiyo anaongoza kwa kichwa. Kamera imwonyeshe kuanzia mabegani, na weka skrini mbili mbele ya jukwaa waigizaji waone. Tahadhari: runinga za kisasa huchakata picha na zinaweza kuchelewa zaidi ya sehemu 100 za elfu za sekunde. Waimbaji watavuta nyuma na kila mtu atamlaumu mpiga ngoma. Washa hali ya michezo ya video kwenye runinga na tumia kebo ya picha kutoka kwenye kamera moja kwa moja, si mtandao wa waya wala usio na waya.

Maikrofoni 6, kila moja kwenye mstari wa nywele, na kisambazaji (kikopo cha kurusha sauti kinachovaliwa) cha akiba kikiwa kimeshawekewa masafa. Diana avae viwili; yeye hatoki jukwaani muda wa kutosha kubadilishiwa. Betri mpya kila onyesho, hata kama za jana zinaonyesha nusu.

Tatizo lenu kubwa litakuwa kukumbatiana. Familia hii inakumbatiana na kusukumana huku ikiimba. Maikrofoni mbili zikikaribiana, sauti ya mtu mmoja inafika kwa zote mbili kwa muda tofauti. Tofauti ya sentimita 34 ni sehemu 1 ya elfu ya sekunde, na hiyo inatosha kufuta sauti karibu na hezi 500 (mitetemo 500 kwa sekunde); sauti inakuwa kama inatoka ndani ya bomba. Dawa: wakikumbatiana, funga ya mmoja, wote waimbie ya mwenzake. Fundi awe na nakala ya maneno yenye alama ya kila kukumbatiana, na afungue kila maikrofoni mstari kwa mstari. Ukiziacha zote 6 wazi umekwisha.

---

Pazia_Jekundu:

Asanteni sana. Swali la nyongeza: uongozi hautaki tangazo la tahadhari mlangoni, wanasema litafichua hadithi. Na je, mwigizaji mmoja akiugua?

---

Kiti_cha_Nyuma:

Tahadhari ya kina iweke kwenye tovuti na kwa mkata tiketi, atakayeitaka aulize. Mlangoni andika "ugonjwa wa akili, kujiua, dawa za kulevya, kifo katika familia". Kifo katika familia hakimtaji Gabe.

---

Zamu_ya_Usiku:

Sikubaliani na "atakayeitaka aulize". Mwenye shida hataki kumuuliza kijana wa tiketi mbele ya foleni. Kibao kiwe wazi, na nje ya ukumbi pawe na chumba kimoja tulivu, chenye mwanga, na mtu aliyefundishwa. Wapokea wageni wajue kwamba anayetoka katikati ya onyesho haulizwi kwa nini. Anaonyeshwa chumba na maji. Viti vya pembeni karibu na mlango acheni vichache hadi dakika ya mwisho.

---

Kiti_cha_Nyuma:

Sawa, la foleni umenishinda.

Kuhusu kuugua: hakuna kundi la waimbaji nyuma, kwa hiyo hakuna wa kupandishwa. Tafuta akiba wawili wa kike na mmoja wa kiume angalau, kipaumbele Diana na Natalie. Wahudhurie mazoezi ya muziki wiki nzima ya kwanza. Nyimbo ni zaidi ya 30 na kila mmoja kati ya wale 6 ana mstari wake peke yake kwenye sauti za pamoja. Akiba anayejifunza kwa kusikiliza rekodi ataokota sauti ya juu tu.

Wiki ya taa na sauti, Diana, Dan na Natalie waimbe nusu sauti isipokuwa pale fundi anapoomba kupima. Fundi atalalamika. Mwache alalamike, lakini mpe angalau nyimbo 5 nzito kwa sauti kamili ili asije akashangaa siku ya kwanza. Baada ya kila mazoezi ya mwisho wa hadithi, dakika 10 za kuvua uhusika: wavue viatu vya jukwaani, waitane majina yao, waseme chakula cha jioni ni nini. Msimamizi aziandike kwenye ratiba, vinginevyo zitaliwa na maelezo ya mwongozaji.

---

Pazia_Jekundu:

La mwisho, dogo: sandwichi za tukio la kwanza zinafika sakafuni. Dan anateleza.

---

Kiti_cha_Nyuma:

Mkate wa jana, mkavu, usiopakwa kitu. Siagi na mayonezi ziwe kwenye vyombo vyenye vifuniko vilivyobandikwa kwa gundi, kisu kipake hewa. Hesabu vipande kabla: vikitoka 24, virudi 24 kwenye trei kabla hawajaanza tukio linalofuata, na vya sakafuni viokotwe na Dan mwenyewe. Sakafu isipakwe vanishi ya kung'aa. Na muulizeni kila mwigizaji kuhusu mzio wa ngano kabla ya kununua.