Besi wangu wote ni wavuvi wa dagaa: nichague nyimbo gani za Juma Kuu?

Mwalimu_Ilemela
Tumsifu Yesu Kristo, walimu wenzangu. Nafundisha kwaya ya kigango kimoja, kanisa dogo chini ya parokia, kando ya Ziwa Victoria, upande wa Ilemela, Mwanza. Tuko 31: soprano 14, alto tisa, sauti ya tatu watatu, besi, yaani sauti nzito ya wanaume, watano. Hao besi wote ni wavuvi wa dagaa. Mbalamwezi ikiwepo, wanafika mazoezini kabla yangu. Zikija siku za giza, zisizo na mwezi, jioni mitumbwi inatoka na taa zake, nabaki na kina mama.

Mwaka jana nilichagua wimbo wa kuabudu Msalaba, kurasa nne, kila sauti inaingia kwa wakati wake. Niliupenda mno. Besi waliwahi mazoezi mawili tu. Ijumaa Kuu kinanda kimenyamaza, kanisa limejaa, besi wakaingia nusu mstari kabla ya zamu yao. Mzee mmoja alishusha karatasi taratibu mpaka kifuani, akafumba mdomo, hakuufumbua tena mpaka wimbo ukaisha. Sura yake ninayo mpaka leo, maana wimbo ule niliuchagua mimi.

Sasa je, niimbishe sauti moja tu? Wawili kati yao hawasomi nota.

Kinanda_Nyegezi
Milele amina, mwalimu. Sauti moja usikimbilie, utawavunja moyo wanaume. Tafuta wimbo wa kuitikizana: mmoja anatoa, wote wanaitikia kiitikio kimoja kifupi. Huku kwetu Usukumani watu wameimba hivyo shambani tangu zamani, hata asiyejua do wala re anaitikia bila kukosea. Kiitikio kiweke sauti nne, na besi watembee kati ya do na so, basi.

Angalia pia kwaya isikushukie. Bila kinanda, kila beti inateleza chini kidogo, na besi ndio wanaoumia, wanafika mahali sauti haitoki. Chukua do yako kwenye simu mkiwa sakristia, chumba cha kujiandalia ibada, uishike kichwani.

Besi_wa_Nansio
Mwalimu, mimi ni besi na ni mvuvi, huku Ukerewe. Niseme kwa niaba ya hao watano.

Pasaka haiwezi kutukuta katikati ya giza. Kanisa linaihesabu Jumapili inayofuata mwezi mpevu. 2024 mwezi ulijaa Machi 25, Pasaka ikawa Machi 31. 2025 ukajaa Aprili 13, Pasaka Aprili 20. Kwa hiyo Juma Kuu kwa kawaida sisi tuko nyumbani. Tatizo ni wiki mbili tatu kabla yake, ambazo ndizo giza lenyewe, na ndipo walimu wengi mnapogawa nyimbo mpya.

Rudi nyuma mwezi mmoja. Mbalamwezi iliyotangulia huangukia karibu na Jumapili ya pili ya Kwaresima. Hapo tuko wote na usiku hatuna kazi. Tufundishe sisi kwanza, soprano watatukuta.

Giza likianza, ututumie sauti kwa WhatsApp. Lakini usirekodi besi peke yake! Anza na mstari wa alto unaotutangulia, kisha ingia na besi. Kuimba tunajua, tunachokosea ni mahali pa kuingia. Sisi tukishawasha taa, tunakaa tunasubiri dagaa wajikusanye. Mashine imezimwa, maji yanagonga ubao. Nimejifunza Misa nzima hapo, simu nimeifunga kwenye mfuko wa nailoni.

Mwl_Sengerema
Naongeza dogo. Kabla hujagawa wimbo, soma maneno kwa sauti bila tuni. Zipo tungo zinazopeleka mkazo pasipo pake, "Mwokozi" inapigwa kwenye "Mwo" na kukokotwa. Asiyesoma nota anashika wimbo kwa maneno, na maneno yakikaa vibaya anapotea. Wimbo wa hivyo mimi nauacha hata uwe mtamu vipi.

Mwalimu_Ilemela
Kaka wa Nansio, umenifungua macho. Miaka sita nafundisha hapa, kalenda ya mwezi naiona kwa wavuvi, ya Kwaresima naiona sakristia, sikuwahi kuziweka pamoja.

Ule wa kurasa nne nauweka kando. Nimepata wa kuitikizana, kiitikio chake ni mistari miwili, na maneno nimeyasoma kwa sauti mara tatu, yamekaa. Besi nitaanza nao peke yao wiki hiyo ya pili ya Kwaresima.

Asubuhi hii nimeshuka mwaloni, mitumbwi inapotia nanga, nikamkuta yule mzee anakung'uta wavu. Nikamwambia mwaka huu naanza na nyinyi. Hakuinua kichwa, akauliza tu, "Tunaingia baada ya nani?" Nikamwimbia mstari wa alto pale pale, palipofika mwisho akaingia.