Naomba ushauri: nairudia Doctor Who ya zamani na mzee wangu, tumekwama kipindi kimoja

Sayari10: Wakuu salaam. Mimi na mzee wangu tunairudia Doctor Who ya mwanzo kabisa, ile tamthilia ya BBC ya Daktari anayesafiri angani na kwenye wakati, enzi za mwigizaji William Hartnell, kila jioni kipindi kimoja, tunaokota vilivyobaki. Sasa tumefika The Tenth Planet, ina sehemu nne, tatu zipo ya nne hamna, na hiyo ya nne ndo mzee anaitaka maana aliiona ilipotoka Oktoba 1966 akisoma Uingereza. Niruke niendelee mbele au nifanyeje? Nahitaji jibu kabla ya Jumapili.

Kifaru_Mpole: Achana na Hartnell, nenda kwa Tom Baker, Daktari wa baadaye, 1974 kuendelea. Mimi nilizirudia zote nilipoachwa, lile skafu lake refu lilinifariji kuliko ndugu zangu.

Zuhura_Usiku: Cybermen wa 1966, wale maadui nusu mashine wa kipindi hicho, si ndo wale sura zao kama wamevalishwa soksi na viganja vya binadamu vinaonekana hivi hivi 😂 mzee anatafuta nini pale

Bwana Antena: Mkuu hiyo haipo. BBC walikuwa wanafuta kanda wazitumie tena, na nakala za filamu nazo zikatupwa, vipindi zaidi ya 90 vya miaka ya 60 havijapatikana mpaka leo. Ya nne vimebaki vipande tu, kikiwemo kile Daktari wa Hartnell anapogeuka sura na kuwa Patrick Troughton, mwigizaji aliyempokea, hicho kilipona kwa sababu Blue Peter, kipindi cha watoto cha BBC, walikionyesha. Ila 2013 ilitoka katuni yake. Mwekee hiyo, tatizo liko wapi?

Sayari10: Katuni naijua. Haitamsaidia.

Mama Pili: Haitamsaidia kwa nini? Na Jumapili kuna nini? Mwanangu sema yote, hapa tunapapasa tu.

Sayari10: Sawa. Mzee haoni. Macho yamekwisha kabisa, tukisema tunaangalia ina maana mimi naangalia namsimulia. Jumapili anatimiza miaka 80 na nilishamwambia kipindi nimekipata, yaani lilinitoka tu. Nimepanga nimwekee The Tomb of the Cybermen ya 1967 nimwambie ndo chenyewe. Cybermen wamo, hataona tofauti, atafurahi. Sioni ubaya, naulizia tu kama kuna njia nzuri zaidi.

Mama Pili: Ubaya upo. Mimi mama yangu nilikuwa namsomea barua za kaka nikiruka yale ya kuumiza, kumbe nikitoka anampa jirani amsomee upya. Amekufa hajaniambia kitu, nimeambiwa na jirani msibani.

Fundi Redio: Acha ya dhambi, hilo jambo halitapita hata dakika tano. Tomb ni ya Troughton! Mtu asiyeona ndo wa kwanza kujua hiyo sio sauti ya Hartnell. Na Cybermen wa 1966 wanaongea kwa kuimbaimba, neno linapanda linashuka, wa mwaka uliofuata wanavuma kama nyuki kwenye debe. Kilichopotea ni picha, SAUTI IPO YOTE, mashabiki waliirekodi majumbani kwenye TV zao. Hiyo katuni ndo imechorwa juu ya sauti hiyo hiyo. Tena kuna toleo la kusikiliza tu, anasimulia Anneke Wills, yule aliyeigiza Polly, msafiri mwenzake Daktari. Wewe unahangaikia picha za mtu asiyeona?

Sayari10: Mimi nilishapanga jamani, na faili nimeshaliandaa.

Mstaafu_Mpelelezi: Subirini. Mwezi wa tatu huyu alifungua uzi wa mirathi ya marehemu baba yake. Leo marehemu anasikiliza Cybermen? Na aliyeitunga hadithi hiyo pamoja na Gerry Davis ni Kit Pedler, mtafiti wa mambo ya macho, halafu ghafla tunaletewa mzee kipofu. Mtu kakaa chini akatunga. Chai.

Zuhura_Usiku: Chai ya moto kabisa, na mimi nilishaanza kulia

Kifaru_Mpole: Chai au sio chai, Tom Baker.

Sayari10: Aliyefariki ni baba mzazi. Huyu ni baba mdogo, ndiye kanilea tangu nina miaka sita. Mnataka cheti? Na mambo ya Pedler ndo nayasikia kwako. Haya, jana nimemwekea ya tatu, tumekaa kidogo tu akaniuliza Daktari yuko wapi, mbona simsikii. Nikakosa jibu.

Fundi Redio: Hartnell aliumwa wiki hiyo. Daktari anaanguka mwanzoni, anayelala pale ni mtu mwingine wa kujazia, na maneno yake wakagawiwa wenzake.

Mama Pili: Kwa hiyo amesikia mwenyewe kwamba hayupo. Na wewe ulitaka kumwekea Troughton.

Sayari10: Hilo toleo la Anneke Wills, msimulizi anaongea muda wote?

Fundi Redio: Hapana, anaingia pale pasipo na maongezi.

Mstaafu_Mpelelezi: Bado sikuamini. Ila Jumapili ukiiweka, wewe usisimulie, nyamaza.