Eti "swichi za kampuni mbili hazielewani"? Wewe ulizima STP!

Ndugu mafundi wa mitandao, naandika nikiwa na hasira, mnivumilie. Maneno hayo ya juu kaniambia mkandarasi aliyezima STP, kinga ya swichi inayoziba njia ya ziada ili data isizunguke bila mwisho.

Ijumaa alfajiri napigiwa simu na askari wa ghala moja Namanve, karibu na Kampala: kompyuta hazifanyi kazi, mizani ya malori haisomi, foleni imefika barabarani. Nikarukia boda Bweyogerere, hata chai sijanywa. Kufungua kabati la swichi, taa za poti zote zinawaka na kuzima kwa pamoja kama disko. Hapo huhitaji kuuliza, ni luupu, data inazunguka kwenye duara. Nikachomoa kebo ya poti 24. Zikatulia papo hapo.

Sikieni ilivyoanza. Mkandarasi aliunganisha swichi kuu na swichi mpya ya kampuni nyingine kwa kebo mbili, ili LACP (makubaliano ya swichi ya kufunga kebo pamoja) izifunge ziwe njia moja. Wazo zuri. Lakini pande zote mbili akaziacha "passive", yaani sisemi mpaka nisemeshwe. Zikabaki zinatazamana kama mawifi walionuniana. Bando, yaani hizo kebo mbili kuwa njia moja, halikufungika, kila poti ikawa kivyake, na STP ikafanya kazi yake: imeona njia mbili, imeziba moja. Mteja kalipia kebo mbili, anatumia moja.

Akalalamikia kasi. Alhamisi jioni bwana akaja, akaona neno "blocking" kwenye skrini, na badala ya kujiuliza kwa nini, akazima STP pande zote mbili akaenda zake! Fremu ya Etherneti (kifurushi cha data kati ya swichi) haina kihesabu cha kuiua njiani kama paketi ya IP. Ikinaswa kwenye duara inazunguka na kurudufiwa hadi mtandao unazimia. Kwenye logi, MAC (anwani ya kifaa) ya ruta ilikuwa inaruka poti 23, 24, 23, 24, bila kupumua.

Nampigia, ananijibu kwa sauti ya kitaalamu: "Ssebo, swichi za kampuni mbili hazielewani. Mwambie mteja anunue zote za aina moja." Ebo! LACP ni kiwango cha IEEE, watunga viwango vya kimataifa, tangu 2000, ilipoitwa 802.3ad. RSTP, STP ya kasi zaidi, ni 802.1w ya 2001. Viwango vimetungwa hasa ili swichi za kampuni tofauti zielewane.

Sikatai, mitego ipo. Neno "trunk" kwa kampuni moja ni poti inayobeba VLAN (mitandao iliyotengwa ndani ya swichi) nyingi, kwa nyingine ni kebo kadhaa zilizofungwa pamoja. Ukinakili amri bila kusoma, umekwisha. Cisco nao wana PVST+ inayoendesha STP kwa kila VLAN, ila kwenye VLAN 1 wanatuma pia BPDU (jumbe za STP) za kawaida ili swichi za wengine ziwasikie. Mambo hayo yote yameandikwa kwenye vitabu vya vifaa vyenyewe. Kasome!

Nikaweka "active", yaani naanza mimi kusema, pande zote mbili, bando likafungika ndani ya sekunde chache. Nikawasha STP, kuangalia nani ni ruti, yaani swichi kiongozi wa STP, nikacheka peke yangu: ni kiswichi cha megabiti 100 kwenye kibanda cha askari, kimejaa vumbi, juu yake kuna chupa ya chai. Hakuna aliyegusa kipaumbele (namba ndogo ndiyo inayoshinda uongozi), kote ni 32768, basi ikashinda MAC ndogo kuliko zote, na mara nyingi hiyo ni ya kifaa kikuukuu. Swichi kuu nikaipa 4096. Nikachomoa kebo moja kwa makusudi huku naping'i ruta, yaani naitumia jumbe za majaribio: imepotea ping'i moja tu. Mizani ikasoma, malori yakaanza kuingia saa nne.

Mchoro wa mtandao? Haupo. Lebo kwenye kebo? Hakuna hata moja. Na jana mkandarasi kamtumia mteja ankara ya "marekebisho ya mtandao", tarehe ya Ijumaa hiyohiyo! Leo asubuhi kanipigia anataka nywila mpya za swichi. Sijampa, na ankara yake nimemwambia mhasibu aishikilie kwanza.