Mwamba wa pweza ufunguliwe kwa mwezi au kwa kalenda ya ofisi?

Mtoto wa Pwani

Assalaam alaykum wanajamvi. Nina hoja ya pweza. Kwenye mkutano wa kijiji iliishia kwa makelele, basi naileta huku tuijadili tumekaa.

Kwa asiyeishi pwani: vijiji kadhaa vya Unguja na Pemba siku hizi hufunga sehemu ya mwamba miezi miwili au mitatu. Hakuna ruhusa ya kutoa pweza, halafu siku moja panafunguliwa. Mtindo wenyewe ulianzia Andavadoaka, kusini magharibi ya Madagaska, mwaka 2004, ukafika mpaka kwetu: Kisiwa Panza, Kizimkazi na kwengineko. Kufunga kwenyewe sina ugomvi nako. Pweza wa mwambani umri wake ni mwaka mmoja na kidogo tu, na akiwa mdogo huweza kuongeza uzito maradufu ndani ya mwezi. Ukimwacha kidogo unamkuta mwengine. Ugomvi wangu ni siku ya kufungua.

Nikwambieni nililoliona. Kamati yetu, na kijiji silitaji, ilipanga ufunguzi Jumamosi ili wageni wa mjini wapate nafasi. Hakuna aliyetazama mwezi. Jumamosi ile ilikuwa mwezi tisa, yaani siku ya tisa tangu mwezi kuandama, maji mafu, siku ambazo bahari haipwi sana. Saa tatu asubuhi wanawake wako ufukweni, kanga zimefungwa kiunoni, ndoo na vyuma vya kuchokolea pweza mkononi, na maji ndiyo yanajaa. Hotuba zikasomwa, filimbi ikapulizwa, vijana wenye miwani ya kuzamia wakaruka kwenye ngarawa wakaondoka. Mama yangu mdogo akaigeuza ndoo yake akaikalia. Saa saba ngarawa zikarudi, pweza wakamwagwa juu ya turubai, wachuuzi wakazunguka na mizani. Yeye bado kaikalia ndoo. Alasiri maji yalipopwa, yalipwa kwa jina tu. Kule mwambani yangemfika kifuani, naye hajui kuogelea.

Bamvua, yaani siku ambazo maji hujaa na kupwa sana, lilipoingia siku ya sita, nilikwenda naye. Pweza akiwa tunduni utaona maganda ya kaa na chaza yametupwa mlangoni, na vijiwe amevivuta kujizibia. Maganda tuliyakuta, ya zamani, yameshaota ukijani. Akapeleka chuma ndani, hakikushikwa. Tundu la pili hivyo hivyo. La tatu hakuinama.

Basi mie nasema: ufunguzi uwe bamvua, na siku mbili za mwanzo ziwe za wanaokwenda kwa miguu peke yao. Bamvua kwetu maji hupanda na kushuka kama mita nne. Maji mafu ni mita moja hivi. Mwenye chuma ana mabamvua mawili kwa mwezi, la mwezi mwandamo na la mwezi mpevu, kila moja siku tano au sita za maana. Mwenye miwani siku zake ni zote. Tunaposema "tumefunga miezi mitatu", mwanamke ametoa mabamvua sita. Hayo ndiyo aliyonayo, hana akiba nyengine.

Mzamiaji

Wa alaykum salaam. Ndugu yangu, umeeleza vizuri, ila hiyo "siku zake ni zote" umeniongezea. Njoo Juni mpaka Agosti uhesabu siku ninazotoka. Kusi, upepo wa kusini, likishika, maji yanachafuka kama uji, unazama huoni mkono wako. Wiki nzima unatazama bahari toka barazani. Mie kalenda yangu ni upepo kama ya mama yako ilivyo mwezi. Kaskazi, upepo wa kaskazini, maji safi, natoka. Maleleji, pepo zikibadilishana na bahari imetulia, natoka. Masika mvua ikipiga na matope yakashuka, sitoki, na hata nikitoka pweza hayupo pale juu, maji baridi ya mvua hayapendi.

Pili, ufunguzi wa bamvua umeushuhudia? Wanakuja watu wa vijiji vinne kwa daladala. Mwamba mkavu, kila mtu na chuma chake, watoto wamekatishwa skuli. Matumbawe yanakanyagwa, mawe yanabinuliwa na hayarudishwi. Na anatolewa pweza hata kama kiganja. Bara kanuni za 2009 zimekataza aliye chini ya gramu 500, lakini siku ya ufunguzi nani ana mizani mwambani? Mie nikizama namchagua mkubwa, mdogo namwacha, kwa sababu pumzi moja siwezi kuipoteza kwa gramu mia mbili.

Mwanafunzi wa Uvuvi

Niingie kidogo, wakubwa zangu. Kuna utafiti uliochapishwa 2015 ulioangalia mafungo 36 ya Madagaska. Mwezi wa kwanza baada ya kufungua, mzigo uliotua uliongezeka kwa zaidi ya asilimia 700. Namba hiyo ndiyo inayosomwa kwenye mikutano. Lakini humo humo imo namba nyengine: anachopata mvuvi mmoja kwa siku yake kiliongezeka kwa kama asilimia 87. Tofauti kati ya hizo mbili kwa sehemu kubwa ni watu. Wanamiminika. Kwa hiyo swali la Mtoto wa Pwani lina maana hata kwa hesabu: 87 ile inagawanywa vipi, na nani anafika mwanzo.

Ila msikwame kwenye siku ya kufungua mkasahau majira ya kufunga. Rodrigues, kisiwa cha Mauritius, walianza 2012 na wao hufunga Agosti mpaka Oktoba. Kusini magharibi ya Madagaska sheria yao ni katikati ya Desemba mpaka mwisho wa Januari. Kila mahali wametazama wadogo wao wanaingia lini. Pweza jike hutaga mara moja tu, analinda mayai bila kula mpaka yaanguliwe, kisha anakufa. Watoto wanaelea na mkondo wiki kadhaa kabla ya kutua mwambani. Mnaofunga huku huenda mnalisha kijiji cha kaskazini yenu.

Na wako wanaosema pweza "anatoka zaidi" mwezi mpevu; hapo nadhani tunachanganya. Pweza huyu huwinda mchana. Tunamwona sana kwa sababu maji yamekimbia, na maji yanakimbia mwezi mpevu na mwezi mwandamo sawasawa.

Babu wa Kusini

Mwanangu mwanafunzi, hujakosea, lakini hujamaliza. Bamvua mbili hazilingani. Bamvua la Machi na la Septemba ndiyo makubwa, maji yanakwenda mpaka unaiona ile miamba ambayo mwaka mzima huioni. La Machi bado kuna mabaki ya kaskazi, bahari imelala. La Septemba kusi halijaondoka. Ukitazama mwezi tu ukaacha upepo, utapeleka watu mwambani wakute maji hayajatoka. Kusi likivuma kwa nguvu maji hukaa juu, hayapwi kama kitabu kilivyosema, na wimbi linavunja ukingoni pale pale penye pweza wakubwa. Nimeona mwanamke amepigwa na wimbi akapoteza chuma, ndoo na ukaya siku moja.

Zamani hatukuwa na tarehe. Mtu mmoja anayejua alikwenda alfajiri, akatazama, akarudi akasema leo au akasema bado. Watu wakamsikiliza. Sasa mnaandika barua miezi miwili kabla, halafu bahari inatakiwa itii barua.

Na hilo la usiku vijana mmelisahau. Bamvua maji yanapwa mara mbili, saa nne asubuhi na saa nne usiku, takriban. Usiku wa mwezi mwandamo tulikwenda na mwenge kutafuta kaa na ngisi. Wa mwezi mpevu hatukwenda, tukisema kaa hana nyama. Kweli au si kweli, ilimpumzisha.

Mtoto wa Pwani

Babu, nimekuelewa, na hapo kwenye upepo nakiri sikufikiri. Basi tuseme hivi: kamati itangaze bamvua, siyo siku. "Bamvua la mwezi mpevu wa Shaaban." Halafu asubuhi ya mwezi kumi na nne watu wawili waende wakatazame, mmoja wa miguu na mmoja wa kuzama. Wakisema bado, tunangoja kesho yake.

Mzamiaji, la kusi nimekupa haki yako. Lakini umelitazama upande mmoja. Kusi likikufungia wewe, pweza anakusubiri kule kule chini. Bamvua likimpita mama, limepita. Tena ukifunga Juni mpaka Agosti, ambayo kwako ni miezi mibovu, hujatoa kitu kikubwa, ila yeye ametoa mabamvua sita yale yale. Ningependa kusikia mzamiaji anayesema tufunge Januari na Februari, bahari ikiwa kioo.

Mzamiaji

Januari? Unataka nile nini, miwani? 😄 Lakini sawa, hilo limeniingia. Siku mbili za miguu nazikubali kwa sharti moja: ziwe za watu wa kijiji, siyo za kila aliyepanda daladala. Na mizani iwekwe pale ngazi ya kushukia, siyo diko, kule ngarawa zinakoshusha samaki, maana pweza akishafika diko ameshakufa, unamrudisha wapi?

Mama Mwani

Wanangu, mmezungumza na bamvua kama vile halina mwenyewe. Bamvua ni la mwani. Maji yakipwa sana ndiyo tunafika kwenye vigingi, tunafunga kamba, tunavuna, tunarekebisha zilizokatika. Tuna saa mbili na nusu, tatu zikizidi, maji yanarudi. Kusi likipiga kamba zinakatika zaidi, kazi inaongezeka. Sasa mnatuwekea pweza saa ile ile, siku ile ile, mnasema mmetupendelea wanawake. Nichague kipi? Nikienda kwa pweza siku mbili, mwani wangu unaondoka na maji. Mwenye pweza peke yake atafurahi. Sisi wengi tuna vyote viwili.

Mie nasema fungueni mkia wa bamvua, siku zake za mwisho. Mwezi nne, au mwezi kumi na nane hivi. Maji bado yanapwa ya kutosha, ila yanapwa mchana, saa saba saa nane, kwa kuwa kila siku yanachelewa. Mwani nimeshaufunga siku za mwanzo, mgongo unauma lakini nimemaliza, nachukua chuma naenda. Jua kali, ndiyo. Jua tumelizoea.

Mtoto wa Pwani

Bi mkubwa, hili kwa kweli hakuna aliyelisema mkutanoni. Ila nina wasiwasi: ukifungua mkia wa bamvua, waendao kwa miguu wanapata siku mbili, kisha maji mafu wiki nzima, na wazamiaji wanabaki na mwamba peke yao. Tunarudi kule kule kwenye ndoo iliyogeuzwa.

Mama Mwani

Siku mbili zenye pweza ni bora kuliko sita nikiwa kwenye kamba namsikiliza mwenzangu anashangilia. Na hao wazamiaji si watoto wetu? Waambieni wangoje mpaka bamvua jengine liingie, ndipo wazame. Siku kumi hivi. Kama walingoja miezi mitatu, hizo zitawashinda?

Mzamiaji

Bi mkubwa, kumi ni nyingi. Tano.

Babu wa Kusini

Kumi ukiwa kaskazi, tano ukiwa kusi, maana kusi mzamiaji hatoki hata hivyo.

Mama Mwani

Hayo ya tano na kumi mtayamaliza kwa sheha, mkuu wa shehia yetu. Mie nawaaga, kesho ni mwezi ishirini na nane, maji yatapwa saa tatu na nusu hivi, na kamba zangu saba zimekatika.