Tupeane uzoefu: mgongo ulikupeleka wapi?

Mpiga Randa: Assalam aleykum wana Amu, watu wa Lamu. Leo pale gatini kijana wa punda alikuwa akipakua mawe, akashika kiuno akabaki ameinama. Nikakumbuka yangu. Nilikandwa mafuta ya simsim, nikaumikwa, nikala vidonge vya duka la dawa mpaka tumbo likawaka moto. Kilichonitoa ni mazoezi niliyofundishwa hospitali, na kuacha kulala kutwa. Ninyi je?

Binti Shela: Vidonge hivyo! Mgongo ulibaki pale pale, nikaongezewa vidonda vya tumbo.

Babu Mkeka: Tupa godoro, lala mkekani.

Jirani wa Langoni: Mzee wangu, mkeka ndio ulionimaliza mimi.

Fundi Jahazi: Mnahangaika bure. Matondoni kuna mkandaji akikushika anaujua mshipa uliojikunja ni upi. Nilienda nimebebwa, nikarudi kwa miguu.

Jirani wa Langoni: Shekhe, maumivu mengi ya kiuno hupoa yenyewe baada ya wiki chache. Ungekaa kwako yangepoa vilevile.

Fundi Jahazi: Ulikuwepo? Ulinibeba wewe?

Mama Wawili: Samahanini nikiwakatiza. Mume wangu ni mzamiaji wa kamba mawe, kwetu Kizingitini. Kiuno kilimuuma, kikashuka paja mpaka unyayoni. Hospitali moja aliandikiwa vidonge bila hata kuguswa. Ndugu zake wakaleta mkandaji, akampanda mgongoni akamkanyaga kwa kisigino. Siku ya pili magharibi ananiambia, "Mama, hapa ninapokalia sisikii kitu." Mkojo umejaa, hautoki. Miguu inamlegea. Shemeji yangu akasema ni jini la baharini, nikamwambia jini atatukuta kwa muuguzi. Muuguzi wa zahanati alimuuliza maswali mawili tu, la mkojo na la ganzi ya mapajani, akasema: leo leo, msingoje asubuhi.

Ilikuwa kusi. Mashua ikipanda wimbi, yeye anauma leso yangu asipige kelele, mkwewe asimsikie. Tukafika Amu, tukavushwa bara, Mokowe, hapo tukakaa tukingoja gari na askari wa kusindikiza, maana njia si salama. Ndipo nilipolia. Mombasa wakampiga emarai (MRI), ile picha ya ndani ya mwili: diski imetoka imebana neva zote za chini. Akapasuliwa siku ile ile. Daktari akasema tungechelewa zaidi, mkojo usingerudi. Leo anatembea kwa mkongojo, anashona nyavu. Kuzamia basi.

Binti Shela: Subhanallah. Mungu amlipe muuguzi yule.

Jirani wa Langoni: Fundi Jahazi, umesoma hapo kwenye kisigino?

Fundi Jahazi: Wa Matondoni hakanyagi! Na hao wa vidonge mbona huwasemi?

Mama Wawili: Msigombane juu ya mgongo wa mume wangu. Wote walimpitia.

Tiba Asili: Poleni. Nina hijama na mafuta ya habasoda, njooni faragha.

Mpiga Randa: Toka na biashara yako, watu wanalia hapa.

Mwalimu Mstaafu: Mimi nilidhani mgongo, kumbe jiwe la figo. Maumivu yakija kwa mawimbi na mkojo una damu, msikandwe. Mpwa wangu naye yake ilikuwa kifua kikuu cha uti wa mgongo: homa za usiku, anakonda, sisi tunamsugua mafuta tu.

Babu Mkeka: Basi mkeka na godoro juu yake.

Binti Shela: Babu!

Mtu wa Mkomani: Mama Wawili, hiyo emarai SHA, bima ya afya ya serikali, ililipa?

Mama Wawili: Ilikuwa kabla ya Oktoba 2024, bado NHIF, bima ile ya zamani. Sehemu ililipwa, iliyobaki tuliuza mashine ya mashua.

Mtu wa Mkomani: Farasi ngapi?

Mama Wawili: Kumi na tano. Yaani hilo ndilo uliloliona?