Nauli ya Dar kwa programu moja ya simu: tunaitaka au hatuitaki?

Mvuka Maji
Wakuu, naileta hoja. Mtu anakaa Kigamboni, kazi iko Mwenge. Asubuhi anavuka kwa kivuko, Kivukoni anadaka basi la mwendokasi hadi kituo cha Morocco, halafu anamalizia na daladala. Kwenye kivuko anagusa N-Card, kadi ya kulipia, mwendokasi ina utaratibu wake, daladala noti mkononi. Akienda Morogoro kwa treni ya SGR, huko nako kuna tiketi nyingine. M-Pesa tunayo tangu 2008. Kwa nini kusiwe na programu moja inayokubali pesa ya mtandao wowote, ikakata nauli kote, na ukibadilisha gari ndani ya saa moja isikukate upya yote? LATRA wanaopanga nauli, DART wa mwendokasi na TEMESA wa vivuko wakae meza moja. Karibuni.

Dada wa Sinza
Naunga mkono kwa sababu moja tu: chenji. Juzi konda kaniwekea noti ya buku mkononi, akanionyesha kaka wa siti ya nyuma: "Mtagawana na huyo." Simjui hata kwa sura. Yeye anashuka Bamaga, mimi naenda Victoria. Gari linasimama, kaka kanikazia macho, mimi natoa kichwa dirishani namwomba muuza karanga anivunjie, naye anataka kwanza ninunue karanga. Nimenunua karanga nisizozitaka. Makonda wezi tu wale, chenji ya mia mbili mia mbili ndiyo mshahara wao.

Konda wa Buza
Wezi? Dada, wewe una kazi yenye mkataba, bila shaka. Kwangu tajiri, yaani mwenye gari, anataka hesabu yake usiku, gari lilale lina mafuta, na likipigwa faini njiani ni juu yetu mimi na dereva. Kinachobaki ndiyo tunagawana, na deiwaka, yule wa kutushikia kwa muda, akishika gari naye anataka chake. Hizo sarafu unazozidai unadhani zinaota kwenye buti? Tunazinunua stendi kwa wauza chenji. Unatoa noti, unapokea pungufu. Nauli mia sita, abiria wa kwanza alfajiri anakupa elfu kumi, wa pili elfu kumi. Nikiwaunganisha wawili mnaita wizi.

Dada wa Sinza
Sijasema wewe. Nimesema makonda.

Konda wa Buza
Na mimi ni nani, rubani?

Mfuatiliaji
Turudi kwenye hoja. Wakenya walishajaribu, nadhani 2011 au 2012, Google wenyewe waliingia, na bado ilikufa. Sisi ni nani.

Mzee wa Ilala
Unayosema ni BebaPay, kadi ya nauli, ilizinduliwa 2013, Google na Equity Bank. Agizo la serikali yao matatu zote ziache noti lilikuwa Julai 2014, na halikushika. Kadi zilikuwa za aina nyingi, ya hawa haisomeki kwenye gari la wenzao, na wenye kushika noti barabarani hawakutaka noti iondoke. Linganisheni na Kigali, mnagusa kadi ya Tap&Go na hakuna ubishi. Lakini Kigali kwanza walipanga upya mabasi, 2013 wakagawa ruti kwa kampuni chache zenye mikataba, kadi ikaja baadaye. Sisi daladala moja lina tajiri mmoja, mwenye mbili anaitwa bosi. Utasaini mkataba wa programu na nani?

Mfuatiliaji
2012, 2013, ndiyo nini? Nilichosema ni kwamba ilikufa.

Kijana wa Tabata
Mzee wa Ilala anajua kila kitu isipokuwa bei ya bando. Nani atawasha data ndani ya daladala limejaa, mkono mmoja kwenye bomba, mwingine unalinda simu isichomolewe? Na mama zetu wenye kitochi, simu ya batani, je? Wabonyeze nyota mia hamsini nyota sifuri sifuri reli, wasubiri menyu, waweke namba ya siri, jirani anachungulia. Ukimaliza, gari limeshapita Tazara na wewe ulikuwa unashuka Tazara.

Mvuka Maji
Ndiyo maana nikasema kadi na programu viende pamoja, mtu achague. Kadi haihitaji bando.

Bibi Tozo
Mmesahau Julai 2021? Tozo ya miamala ya simu ilipoanza watu walirudi kutembea na noti kwenye soksi. Ikabidi wapunguze, wakapunguza tena. Leo mnataka hata mia sita ya daladala ipite kwenye simu. Nauli ikiingia humo imeingia mahali inapoonekana, na kinachoonekana nchi hii hukatwa.

Konda wa Buza
Hapo mama yangu umenena. Na tajiri naye ataiona. Siku hizi anakadiria tu, mvua ikinyesha namwambia leo pagumu, tunaelewana. Kila kichwa kikisomeka kwenye simu yake akiwa kitandani, hesabu itapanda kila wiki. Kama mnataka mashine, leteni kwanza mshahara. Mgomo wa madereva wa 2015 mikataba ilikuwa miongoni mwa madai. Leo niulizeni wangu uko wapi.

Dada wa Sinza
Kumbe! Sasa tunaelewa kwa nini hamuitaki. Mnamficha tajiri mapato.

Konda wa Buza
Na wewe bosi wako anajua saa unayofika kazini kila siku?

Mzazi Mwenza
Samahani nawakata. Hiyo programu itamtambua mwanafunzi? Maana nauli yake ni mia mbili, na kila asubuhi mwanangu anaachwa kituoni akiwa na sare. Konda anaweka mkono mlangoni: "Denti wawili tu." Waliobaki wanafika shule saa mbili na kuchapwa.

Konda wa Buza
Mzazi, denti watatu ndiyo mtu mzima mmoja. Mafuta hayaulizi nani kavaa sare.

Mzazi Mwenza
Kwa hiyo mwanangu ni theluthi ya mtu?

Kijana wa Tabata
😂 Theluthi yenye begi kubwa kuliko mtu mzima.

Mama Wawili
Hamna cha kucheka. Binti wa miaka kumi na mmoja anasukumwa mlangoni na mijanaume iliyochelewa kazini. Nawashangaa mnaoandika vicheko.

Mvuka Maji
Lakini kadi ndiyo ingesaidia hapa. Mwanafunzi anagusa, inakata mia mbili, serikali inamlipa mwenye gari tofauti iliyobaki. Kwa noti huwezi kujua amebeba denti wangapi, kwa kadi idadi ipo.

Bibi Tozo
Serikali imlipe tajiri wa daladala. Kila mwezi. Kwa wakati. Haya.

Mzee wa Ilala
Hoja ya fidia si mbaya, inategemea kwanza mikataba niliyoitaja ya

Kijana wa Tabata
Mzee kaishiwa bando 😂

Mvuka Maji
Jamani, swali lilikuwa programu moja ya nauli. Nani yuko upande gani?

Mama Wawili
Mimi niko upande wa watoto wapande gari.

Mzazi Mwenza
Konda, hujanijibu. Ruti yako ni hii hii yetu. Kesho saa kumi na mbili kasorobo unamchukua au humchukui?

Konda wa Buza
Asisubiri njiani. Aende akapandie pale tunapogeuzia, gari likiwa tupu hakuna anayemkataa.

Mzazi Mwenza
Ndipo anapokataliwa.